Mguso wa Dorika

Kilichoanza kumkera Dorika Chibago ni mto. Mwanakombo Shekue alipofika Kituo cha Vivuli cha Hombolo siku ya kwanza, akitokea Tanga, alikuwa na mto wa kitenge kwapani. Akauweka kwenye kiti cha kushika, akaukalia. Dorika aliyaona hayo kupitia kioo cha karakana, bisibisi mkononi. Kiti kile alikikalia yeye miaka kumi na moja bila mto, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamikia mgongo. Mtu hana hata nusu saa Hombolo, tayari kiti kinamuumiza. Kama kinamuumiza, si asimame?

Miezi kumi ilikuwa imepita, na mto ulikuwa pale pale. Siku hiyo, saa tano kasoro dakika chache, Dorika alikuwa anafungua kibodi iliyomwagikiwa chai, lakini jicho moja lilikuwa kwenye kioo kama kawaida yake. Aliwaona wawili hao wamempa mgongo, wakitazama angani kupitia dirisha kubwa la mbele. Kulia alikaa Damari Sajilo, kwenye kiti cha kubonyeza, aliyekuwa mwenzake wa kazi miaka yote ile. Kushoto alikaa yule. Damari alisema kitu, yule akacheka hadi mabega yakatikisika, na Dorika akaing'oa skrubu kwa nguvu isiyohitajika.

Alikuwa akijiambia kwamba hana wivu. Wivu ni wa wapenzi, yeye alikuwa na masikitiko ya kikazi tu. Alijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi ulikuwa uongo. Alikuwa na wivu, tena ule mbaya, unaomfanya mtu mzima mwenye miaka arobaini na mitatu ahesabu wenzake wamecheka mara ngapi kabla ya chakula cha mchana.

Nje ya lile dirisha, juu ya mashamba ya zabibu, miamvuli ishirini na miwili ilining'inia chini ya maputo yake. Kila mmoja ungeweza kufunika mtaa mzima, na kila mmoja ulikuwa na herufi yake. Asubuhi ilikaa imekunjwa ili majani yapate jua. Saa tano ilifunguliwa, kwa sababu siku hizi jani la mzabibu lililoachwa wazi saa sita mchana huungua kwa robo saa, na mtu hachukui muda mrefu kulifuata.

Saa tano kamili Damari alibonyeza M. Mwavuli M haukufunguka. Ulikaza kamba zake, maputo yakatoa hewa, ukajifunga kama unavyofungwa jioni kwa ajili ya usiku.

Mwanakombo alisimama, mkono wa kushoto ameuinua mbele ya uso wake.

"Nimeshika Kontroli," alisema. "Dada Damari, naapa, nimeshika Kontroli."

Damari alifanya linalotakiwa baada ya kosa: akazima viti vyote viwili, akaviwasha upya. Miamvuli iliyobaki ikafunguka mmoja baada ya mwingine bila tatizo, lakini M ulihitaji dakika arobaini kujazwa hewa tena. Ndani ya dakika hizo ekari sita za zabibu zilikuwa zimekwisha, na wachumaji wawili walibebwa kwa machela. Ilikuwa mara ya tatu tangu Mwanakombo akalie kiti kile.

Dorika alikuwa ameshika bisibisi hewani. Jambo la kwanza lililomjia kichwani, Mungu amsamehe, lilikuwa kwamba kwake yeye halijawahi kutokea hata mara moja.

*

Bwana Chiwanga, mkuu wa kituo, alikuja mwenyewe karakana na kibodi ya Mwanakombo mkononi. Aliiweka mezani akaeleza anachotaka. Dorika aipime, aandike ripoti, aifikishe kesho kabla ya saa nne. Kibodi ikiwa mbovu, basi, wataagiza nyingine. Ikiwa nzima, kosa ni la mshikaji, na Mwanakombo atanyang'anywa leseni ya kushika, si hapa tu, popote nchini.

Alipofika mlangoni aligeuka. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea mambo ya pembeni, kwamba akiondoka huyo hakuna mwingine wa kuletwa kabla ya mvua. Dorika angerudi kitini kwa muda. Kuhusu kidole kilichomtoa kitini, daktari angeweza kuombwa alitazame upya suala hilo.

Dorika aliitikia kwa utulivu. Mlango ulipofungwa, aliivuta kibodi karibu akaitazama.

Amri ya mwavuli haitolewi na mtu mmoja. Sheria hiyo ililetwa baada ya mwaka ule ambapo mtu mmoja, akiwa peke yake chumbani, aliwakunjia miamvuli wakulima waliomkosea adabu. Tangu hapo kibodi iligawanywa. Herufi zikakaa kwenye kiti cha kulia, na vitufe vinavyoipa herufi maana vikakaa kiti cha kushoto. Herufi peke yake haifanyi kitu. Wa kushoto akishika Kontroli, herufi itafungua mwavuli. Akishika Alti, herufi ile ile itaukunja. Na kwa kuwa macho ya wote wawili yako angani, wa kulia amewekewa kilalio laini chini ya kiganja. Mwenzake anaposhika kitufe, kilalio kinampigia kiganjani mguso uliohifadhiwa wa mshikaji huyo, kwa wepesi wake au uzito wake. Ndipo anajua mwenzake yupo, anabonyeza. Kila mshikaji ana mguso wake, na mguso huo huhifadhiwa pamoja na mpangilio wa vitufe vyake. Mkusanyiko huo huitwa ramani, na asiye na yake hutumia ya kawaida ya kituo.

Dorika alikuwa na ramani yake. Miaka minane nyuma aliungua kidole cha mwisho kwa mafuta ya maandazi, kidole kile kile kinachoshika Kontroli pembeni kabisa mwa kibodi. Damari aliingia kwenye mtambo wa viti, akabadilishana nafasi za vitufe viwili: Kontroli ikaja ndani, chini ya gumba, na Alti ikaenda pembeni. Akaiita Ramani ya Dori. Kidole kilipona kwa wiki tatu lakini mpangilio walishauzoea. Na gumba hilo lililobeba Kontroli miaka saba ndilo lililokuja kuanza kutetemeka, likamtoa kitini, likamleta huku karakana kuchokonoa makombo kwenye kibodi za watu.

Akiwa bado ameitazama kibodi, Mwanakombo aligonga mlango.

"Shikamoo, dada Dorika."

"Marahaba."

Hakukaa. Alisema hakuja kuomba upendeleo, alikuja kumwomba amwambie yeye kwanza, lolote atakalolikuta. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alieleza kwamba siku hizi hauamini mkono wake mwenyewe. Nyumbani anaweka mkono juu ya meza, anashika Kontroli ya kufikirika, mtoto wake anamuuliza mama unafanya nini. Amelea watoto wawili kwa mkono huu, alisema, na hakuna kazi nyingine anayoijua.

"Dada Damari ananitia moyo sana," aliongeza. "Kila nikikwama ananiambia, Dori angefanya hivi, Dori angefanya vile."

Labda alidhani anamfurahisha. Dorika alichokisikia ni neno Dori. Jina hilo lilikuwa na mdomo mmoja tu duniani, na sasa lilikuwa kinywani mwa mwanamke huyu, linatamkwa kwa lafudhi ya pwani, laini, kana kwamba ni la kila mtu. Alimjibu kwamba atapima, na matokeo yatakwenda kwa mkuu. Mwanakombo akashukuru, akatoka, akafunga mlango polepole. Hata kufunga mlango alijua kufunga kwa adabu, hiyo nayo ikamuudhi.

*

Kabla ya kupima chochote, Dorika alikuwa na jambo lake la kuogopa.

Mwanakombo alipokuja, aliomba abadilishiwe vitufe. Tanga walifundishwa kushika Kontroli kwa gumba. Maana yake alitaka mpangilio ule ule wa Dorika, kitufe kwa kitufe. Hakutosheka na kiti, alitaka hadi nafasi ya vidole. Utaratibu unasema mabadiliko hufanywa kwenye mtambo wa viti. Fundi anakaa kwenye kiti chenyewe, anafuta ramani ya zamani, anatengeneza mpya kwa jina la mshikaji mpya, kisha anaandika kwenye daftari la mabadiliko. Dorika angelazimika kukalia ule mto, afute jina lake kwa mkono wake na kuandika la mwenzake.

Hakuweza. Aliileta kibodi karakana, akabadilisha vitufe ndani ya kibodi yenyewe, kwenye kile kijiubongo chake kidogo, akairudisha. Ikafanya kazi. Ramani yake aliiacha mtamboni bila kuifuta, na daftarini hakuandika neno. Adhabu ya kubadilisha bila kuandika aliijua: fundi hagusi kibodi tena. Lakini nani angeuliza?

Sasa aliiunganisha kibodi kwenye kipimo na kuanza. Alishika Kontroli mara mia tano, ikatoa Kontroli mara mia tano. Alishika Alti, ikatoa Alti. Alitafuta kitufe kinachoganda, akakosa. Aliusokota waya, akaipasha kibodi joto kwa kikausha nywele, akaipuliza vumbi na kuifuta kwa spiriti. Kibodi ilikuwa nzima kabisa.

Alihema kwa nguvu. Mabadiliko yake ya siri hayakuwa na kosa. Alivuta karatasi akaandika: Kibodi haina hitilafu. Maneno matatu, yote ya kweli. Yakitoka hapa kesho saa nne, saa tano Dorika yuko kitini, na ule mto atautupa mwenyewe.

Angeweza kuishia hapo. Lakini fundi ni fundi, na pamoja na kibodi Chiwanga alikuwa ameleta kilalio cha Damari, kisafishwe kwa kuwa kilijaa jasho. Kilalio hufungwa kwenye kiti lakini kina kumbukumbu yake chenyewe, haifutiki viti vinapozimwa. Na kilikuwa na kitufe cha majaribio kinachorudia mguso wa mwisho kabla ya kosa. Dorika alikisafisha, akakiwekea kiganja, akabonyeza kitufe.

Kilianza chepesi, kana kwamba mtu anabisha hodi. Kikakaza. Halafu, mwishoni kabisa, kikatetemeka kidogo.

Aliondoa mkono haraka, akautazama. Akarudisha, akarudia. Ulikuwa mguso wake yeye, kama ulivyohifadhiwa siku zake za mwisho kitini. Hakuna mwingine duniani aliyekuwa na mtetemo ule, ndio uliomfukuzisha.

Aliifungua kumbukumbu, akasoma. Kwa miezi kumi yote kilalio kilikuwa kimepiga mguso wa ramani ya kawaida ya kituo, isipokuwa asubuhi tatu. Asubuhi hizo kulikuwa kumepakiwa Ramani ya Dori. Asubuhi tatu, makosa matatu.

Hapo mambo yote yakajipanga kichwani mwake, na hakuyapenda. Kibodi ilikwishabadilishwa vitufe ndani yake. Ramani ya Dori nayo hubadilisha vitufe. Ukiligeuza shati ndani nje, kisha ukaligeuza tena, limerudi lilivyokuwa. Asubuhi hizo tatu vitufe vilibadilishwa mara mbili, vikarudi vya zamani, na gumba la Mwanakombo, likishika mahali pake pale pale sahihi, lilikuwa limeshika Alti. Baada ya kosa viti vilizimwa na kuwashwa, ramani ikajiondoa, na kila mtu aliyekuja kupima akakuta kila kitu kizima.

Na aliyeipakia ni mtu mmoja tu, yule anayekaa kulia.

Sasa semeni mtakavyo juu ya Dorika. Wachumaji walikuwa hospitali, mama wa watoto wawili alikuwa anaogopa mkono wake mwenyewe, na yeye alifurahi. Alikumbatia kilalio kile kifuani kama mwehu. Damari alikuwa akimkumbuka. Katikati ya vicheko vyote vile alivyovihesabu, Damari alikuwa akimkumbuka.

*

Asubuhi, saa mbili, alimkuta Damari peke yake kwenye chumba cha viti, anafuta dirisha. Aliweka kilalio mbele yake, akazitaja zile asubuhi tatu. Damari aliacha kufuta.

"Binti anashika vizuri," alisema. "Anashika sawasawa kila mara, sina cha kumlaumu. Ila siku ikiwa nzito nilitaka mkono ninaoujua."

Siku ya kwanza, alieleza, mama yake alikuwa anatimiza mwaka kaburini. Ya pili upepo ulikuwa mkali na aliogopa. Ya jana haikuwa na sababu, aliamka tu vibaya. Alidhani hakuna ubaya, maana mpangilio wa vitufe ni ule ule, aliuweka mwenyewe miaka minane nyuma. Kinachoongezeka ni mguso tu.

"Na baada ya makosa hukushtuka?"

"Ya kwanza sikushtuka. Ya pili nilijiuliza." Damari alikunja kitambaa chake vizuri, pembe kwa pembe. "Jana niliogopa kujiuliza."

Dorika alitamani kukasirika, akashindwa, kwa sababu nusu yake ilikuwa bado haijasemwa. Akaisema. Akaeleza jinsi alivyobadilisha vitufe ndani ya kibodi, na kwa nini, na kwamba angefuata utaratibu ramani ile isingekuwepo ya kupakiwa. Alitaja hata mto. Alipotaja mto aliona aibu kuliko yote.

Damari alikiweka kitambaa kando.

"Kwa hiyo ni sisi," alisema.

"Ni sisi."

Mfukoni Dorika alikuwa na karatasi yenye maneno matatu ya kweli. Alimwonyesha. Akamwambia kwamba wakinyamaza, saa tano watakuwa wamekaa hapa wawili, kama zamani, na hakuna atakayejua. Alilisema hilo si kwa kumjaribu Damari. Alitaka lisikike kwa sauti angalau mara moja, kwa kuwa alikuwa amelala nalo usiku kucha.

Damari alikiangalia kile kiti cha kushoto.

"Yule binti anashinda akiutazama mkono wake," alisema.

Dorika alikwishauona mkono huo, umeinuliwa mbele ya uso. Aliichana karatasi.

Walikwenda kwa Chiwanga pamoja. Aliwasikiliza bila kuwakatiza, kisha akawakatiza kwa dakika ishirini. Damari atatoka kitini kuanzia kesho, hadi kamati ikae. Dorika hatagusa tena kibodi ya kituo hiki wala ya kingine. Leseni ya Mwanakombo haitaguswa, na wote wawili watamwomba radhi mbele ya wafanyakazi. Na ile ramani ya kipuuzi, alisema, ifutwe kabla ya saa tano, na vitufe vipangwe kwa utaratibu. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho atakayoifanya Dorika.

*

Ramani haifutwi na mtu mmoja. Nayo ni amri kama nyingine, mmoja anashika, mwingine anabonyeza.

Dorika alikaa kwenye kiti cha kushoto. Alikaa juu ya mto, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuuondoa, na ulikuwa mto mzuri, hilo alilazimika kulikubali. Alirudisha vitufe ndani ya kibodi kama vilivyotoka kiwandani. Kisha akafungua orodha ya ramani, akachagua yake, na mtambo ukaipakia kwa mara ya mwisho, ukauliza kama wana hakika ya kuifuta. Aliweka gumba juu ya Kontroli, akashika. Kulia kwake Damari aliweka kiganja kwenye kilalio, kidole cha shahada juu ya kitufe cha kufuta.

Hakubonyeza.

"Ngoja kidogo, Dori," alisema.

Miezi kumi Dorika alikuwa amesubiri mtu amwambie neno hilo. Akangoja. Alijua kiganjani mwa Damari kuna nini sasa hivi: wepesi, halafu uzito. Angeweza kuinua gumba tu, na ramani ingebaki. Nje ya mlango alimwona Mwanakombo amesimama, ameambiwa asubiri, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya mkono wa kulia.

Gumba likaanza kutetemeka.

"Bonyeza, Dama," alisema. "Kidole hakiwezi tena."

Damari alibonyeza. Jina likatoka kwenye orodha. Wakaingiza ramani ya mshikaji mpya, Kontroli ndani, Alti pembeni, na orodha ikajifunga.

Mwanakombo aliingia. Dorika alisimama, na kabla hajaondoka aliupigapiga ule mto urudi katika umbo lake. Alimwambia kwamba vitufe viko sawa, na kwamba mkono wake ulikuwa mzima tangu mwanzo. Kosa lilikuwa lake Dorika, mengine atayasikia mbele ya watu. Mwanakombo akakaa. Saa ya ukutani ilibakiza dakika nne.

Dorika alirudi karakana, akasimama kwenye kioo. Saa tano kamili mwavuli M ulifunguka taratibu, kivuli kikateremka juu ya zabibu zilizobaki, halafu N, halafu P. Aliwaona wawili hao wamempa mgongo. Damari alisema kitu, na yule, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akacheka. Dorika aliusikia wivu ukimpanda, ule ule wa jana, haujapungua hata kidogo.

Akauacha upande. Alivuta daftari la mabadiliko, akatafuta ukurasa wa miezi kumi iliyopita, akakuta nafasi aliyoiruka. Aliandika tarehe. Aliandika Kontroli imekuja ndani, Alti imekwenda pembeni. Kisha, kwenye safu ya jina la mwenye kiti, kwa mwandiko uliotetemeka, akaandika Mwanakombo Shekue.